Iache Ichoke Kwanza

Kwenye kibanda changu hapa Kitengela, katikati ya bango la M-Pesa na lile la kubadilisha vioo vya simu, nimebandika kadibodi yenye maandishi ya wino mzito: "Gramofoni haisafiri ikiwa na nguvu ndani." Wateja wengi hudhani ni methali. Wanaipiga picha, wanaiweka status, wanaendelea na safari zao. Juzi jamaa mmoja wa bodaboda aliniambia hiyo ni ya ndoa yake kabisa.

Si methali. Ni maagizo ya kazi, na niliyaandika baada ya kuharibu kitu nilichokuwa nimekitengeneza kwa miezi mitatu.

Gramofoni yenyewe ilikuwa ya babu. HMV 102, ile ya kubebwa kama sanduku la safari, na ndani ya kifuniko kuna alama ya yule mbwa wao anayesikiliza pembe. Babu aliinunua Nairobi mwaka 1956 akiwa kibarua wa reli. Alifanya kazi kwenye tawi la kutoka Konza kwenda Magadi, reli ya kubebea magadi inayopita Kajiado, na kila alipohamishwa kutoka nyumba moja ya reli hadi nyingine, gramofoni ilihama naye. Alipostaafu alibaki Kajiado mjini. Yeye Mkamba, majirani Wamaasai, na hakuna aliyekuwa hajui nyumba ya mzee wa santuri.

Kwetu sisi tuliozaliwa na chaja mkononi ni rahisi kusahau kwamba hiyo mashine haikuhitaji stima. Haina betri, haina waya. Unazungusha hendeli, springi ndefu ya chuma inajikaza ndani ya kopo lake, na ukiachilia breki inajikunjua polepole ikizungusha santuri mara 78 kwa dakika. Ndiyo maana ilifika mahali pengi kabla ya nguzo za umeme. Siti binti Saad alipotoka Zanzibar mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, sauti yake ilirudi pwani ndani ya santuri za aina hiyo. Huko Bonde la Ufa, Wakipsigis walisikia santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers, wakamtungia wimbo na kumwita Chemirocha. Hugh Tracey aliurekodi mwaka 1950, na wakati huo Rodgers alikuwa amekufa miaka 17 iliyopita. Mtu amezikwa Marekani, springi bado inamwimbisha Kericho.

Nilipoikuta ya babu, mwaka mmoja baada ya mazishi yake, ilikuwa chini ya kitanda cha Susu ndani ya gunia. Ukizungusha hendeli ilikuwa nzito kama unasaga mawe. Susu akaniuliza kama simu na gramofoni si ni ndugu, kwa hivyo fundi wa moja si ni fundi wa nyingine. Nikamwambia ni ndugu wa mbali sana. Akasema ndugu wa mbali pia husaidiana.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa kutengeneza saa pale Kajiado, nyuma ya soko. Nilifika nikiwa na bisibisi zangu ndogo za simu, nikajiinamia kwenye mashine nikianza kufungua. Akanishika mkono.

"Umeitoa nguvu?"

"Nguvu gani, mzee?"

"Hiyo springi imelala na hasira ya miaka yote hiyo. Ukifungua kopo ikiwa imekazwa, itakukata vidole ndio ujue jina langu."

Basi somo la kwanza halikuwa kufungua. Lilikuwa kusubiri. Tuliachilia breki, tukaisukuma sahani ya kuzungukia kwa kidole pale ilipokwama, mpaka springi ikaisha pumzi. Ndipo tukaanza.

Grisi ya zamani ilikuwa imekauka ikawa kama nta nyeusi, mizunguko ya springi imeshikana. Tuliitoa ndani ya gunia, tumevaa glavu, tukaiosha kwa mafuta taa na kuipaka grisi mpya. Halafu kuna gavana. Usicheke, si yule wa kaunti. Ni kidhibiti mwendo, ndugu wa ile ambayo sheria za Michuki ziliwalazimisha wenye matatu kufunga. Ni vipande vitatu vidogo vya uzito vilivyoshikiliwa na vibapa vyembamba vya chuma. Mashine ikikimbia sana, vipande vinatanuka kwenda nje, vinavuta kisahani kidogo mpaka kiguse kipande cha ngozi, na mwendo unapungua. Kibapa kimoja kilikuwa kimevunjika, ndiyo sababu kabla haijakwama wimbo ulikuwa unayumba kama mlevi. Mzee alikikata kingine kutoka kwa springi ya saa ya ukutani iliyokufa.

Kichwa, kile kinachoshika sindano, kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa sauti. Mipira ya ndani inayobana kiwambo ilikuwa imekuwa migumu kama mfupa. Nilibadilisha kwa mpira mwembamba wa vali ya baiskeli. Shilingi ngapi? Bei ya chapati. Mwendo niliupima kwa simu: unaweka alama ya karatasi kwenye ukingo wa santuri, unawasha saa, unahesabu mizunguko 78 kwa dakika huku ukigeuza skrubu kidogo kidogo.

Tatizo likabaki sindano. Za chuma zinatumika upande mmoja wa santuri kisha zinatupwa, la sivyo zinakwangua mifereji, na zangu nilikuwa nimeagiza nje na hazijafika. Mzee wa saa akatoka nje, akarudi na mwiba wa mgunga. Nikadhani ananitania. Kumbe hata Ulaya wakati mmoja watu walitumia miiba na vijiti vya mwanzi, kwa sababu ni laini kwa santuri. Tukaukata kwa wembe, tukaubana kwenye kichwa.

Sauti ikatoka. Ndogo, kama mtu anaimba ndani ya blanketi, lakini ni gita, na ni mtu. Santuri ilikuwa moja tu iliyobaki, lebo yake imekwaruzika hadi haisomeki. Mzee wa saa hakusema kitu. Alitoa kofia akaiweka kwa goti.

Nilimpelekea Susu jioni hiyo. Nilitegemea machozi. Alisikiliza upande wote, akapiga goti lake mara mbili, akasema, "Sawa. Sasa itume kwa mjomba wako Mombasa."

Lazima niwaeleze kuhusu Mjomba. Ndiye kifungua mimba wa babu. Katikati ya miaka ya 1990 babu aliuza kipande chake cha ardhi Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, ili mama yangu asome chuo cha ualimu. Wakati huo palikuwa nyasi na swara. Leo hapo pana gorofa ya vyumba vya kupangisha, na kila nikipita kwenda kibandani naiona. Mjomba alikasirika akashuka Mombasa, akapata kazi bandarini, na kurudi kwake kukawa kwa simu tu. Babu alipolazwa, aliyekuwa akisafiri kila Jumamosi kutoka Kitengela kupitia Isinya na uji kwa thamosi ni mimi. Mjomba alifika siku mbili baada ya mazishi.

"Susu, kwa nini yeye?"

"Kitu cha mzee kinaenda kwa kijana wa mzee."

"Na mimi niliyeitengeneza?"

"Wewe ni fundi mzuri," akasema, kama anayelipa.

Mimi nimepewa jina lake. Ndiyo desturi yetu, na ndiyo maana hata Mjomba huniita Mwaitu, mama yangu. Lakini jina halikunipa gramofoni.

Sasa sikiliza vile kitu kama hiki kinavyofungwa, maana nilikuwa nimesoma, nimetazama video, na mzee wa saa alikuwa amenirudishia mara mbili. Kwanza, iache ichezе hadi ikome yenyewe, springi isibaki na nguvu. Pili, chomoa kichwa, kifunge peke yake kwenye kitambaa. Tatu, funga mkono wake usiyumbe. Nne, toa ile sahani nzito ya kuzungukia, kwa sababu kila tuta ikiruka inagonga mhimili inaokalia. Tano, hendeli ikae kando, isiwe nyundo ndani ya sanduku. Sita, santuri isisafiri ndani ya kifuniko. Santuri za zamani si plastiki. Zimetengenezwa kwa utomvu wa mdudu mdogo wa India uliochanganywa na unga wa mawe, na zinavunjika kama sahani ya udongo. Zibane katikati ya kadibodi ngumu. Mwisho, sanduku ndani ya sanduku, na pengo pande zote lijazwe kitu kinachorudi kikibonyezwa: vipande vya godoro, trei za mayai, mitumba. Usijaze maranda, vumbi lake linaingia kwenye grisi. Na usitegemee neno "Inavunjika." Funga ukiamini kwamba mtu aliyechoka ataliangusha kutoka kiunoni, kwa sababu ataliangusha.

Nilijua yote hayo.

Asubuhi ya kutuma, Susu aliomba kuisikia mara ya mwisho. Nilizungusha hendeli mpaka ikagoma, nikaweka sindano mpya ya chuma, upande mmoja ukacheza. Springi ilibaki na zaidi ya nusu ya nguvu. Matatu ya kwenda Kitengela ilikuwa inajaza pale steji. Nikavuta breki. Nikarudisha santuri kwenye kifuniko, nikaiacha sahani mahali pake, kichwa mahali pake, nikafunga. Kitengela nikaweka kila kitu ndani ya boksi moja, si mawili, nikazungusha seloteki, nikaandika namba ya Mjomba.

Nilijiambia ni haraka. Ningetaka kusema niliteleza. Lakini dakika tano za kuiacha ikimbie hadi ikome nilikuwa nazo. Nilinunua chai na mandazi nikakaa. Kuna namna ya kufanya kazi nusu ambayo si uvivu. Unaiacha nafasi ndogo ya mabaya kutokea, halafu unaiita bahati.

Siku ya tatu Mjomba akatuma picha. Santuri vipande vitatu. Kichwa kimechomoka na kiwambo kimebonyea. Breki ilikuwa imeachia njiani, akaandika, na sasa hendeli inazunguka bila kushika kitu. Hiyo maana yake ni moja: springi imekatika.

Nikaandika haraka: "Aki hao watu wa parseli! Poleni Mjomba." Nikaweka na emoji ya kulia.

Alikaa kimya kama saa moja. Kisha: "Hakuna shida, Mwaitu. Nitaileta mwenyewe."

Sikuamini mpaka nilipomwona. Alikuja na treni hadi Syokimau, akaunganisha hadi Kitengela, sanduku mapajani safari yote. Amezeeka. Ndevu nyeupe, shati la mikono mifupi kama watu wa pwani, na Kitengela ilikuwa na baridi ile ya Julai inayotoka kwenye mbuga. Alisimama mbele ya kibanda akiangalia barabara kwa muda. Nilijua anatafuta nini.

"Ni ile gorofa ya kijani," nikamwambia.

"Ile yenye nguo zimeanikwa?"

"Eeh."

"Kumbe kubwa hivyo," akasema, na hakuongeza.

Kesho yake tulienda naye kwa Susu. Tulifanyia kazi barazani, kwa meza ya kukatia mboga. Niliifungua mota, nikaweka kopo ndani ya gunia, nikatoa springi pole pole. Ilikuwa imekatika karibu na ncha ya nje, pale kwenye tundu linaloshika kopo. Hiyo ni bahati. Ingekatika katikati ni ya kutupa. Kwenye ncha unaweza kukata kile kipande kilichoharibika, kuilainisha ncha mpya kwa moto ili chuma kikubali kutobolewa, kisha utoboe tundu lingine. Springi inabaki fupi kidogo na mashine inacheza muda mfupi kidogo. Mjomba alishika ncha kwa koleo juu ya jiko la makaa na mimi nikapuliza.

Akiwa ameangalia makaa, si mimi, akasema, "Unajua kazi yangu nikiwa mtoto ilikuwa nini? Kuzungusha hendeli. Na tukihamishwa, kuisubiri. Baba alikuwa anatoa ile sahani, anaifunga kwa shuka, halafu ananiambia: kaa hapo, achia, ukiona imesimama kabisa niite. Wenzangu wanapakia vitanda kwa behewa, mimi nimekaa nangoja chuma kichoke."

Nikaacha kupuliza.

"Mimi nilifungua boksi nikaona sahani iko ndani na kichwa kiko kwa mkono," akasema. "Nikajua si watu wa parseli."

Kuna aibu inayokuja polepole, na kuna ile inayokuja yote mara moja kama maji ya tangi. Nikasema, "Nilijua vile inafaa kufungwa."

"Najua ulijua. Mtu aliyeweka mpira wa vali ndani ya kile kichwa anajua."

"Nilikasirika."

"Hata mimi," akasema. "Miaka zaidi ya ishirini. Na si kwa sababu ya ardhi. Mama yako kusoma ilikuwa sawa. Ni vile nilisikia kwa broka. Baba aliuza, na mimi nikaambiwa na broka, kwa hoteli, nikila."

Kutoka mlangoni Susu akauliza kama tunachoma chuma au tunachoma mahindi, kwa maana amesikia maneno mengi kuliko nyundo. Tukarudi kazini.

Nilikuwa nimejipanga kumwomba Susu msamaha kwa santuri. Sikuwa na cha kumrudishia, kwa sababu santuri iliyovunjika unaweza kuigundisha lakini sindano itaruka kila mpasuko, na lebo ilikuwa haisomeki kwa hivyo hata kutafuta nakala Kenyatta Market au Tom Mboya Street ningetafuta nini? Nikamwekea vile vipande vitatu mapajani.

Akavigeuza. "Hii? Hii haikuwa yetu. Babu yako aliazima kwa jirani huko Magadi, akahamishwa kabla ya kurudisha. Kila ikicheza mimi nilikuwa naona aibu." Akampa Mjomba. "Sasa angalau hatuna deni."

Mjomba alicheka hadi akakohoa. Mimi nilichelewa kucheka, lakini nilicheka.

Alikaa siku nne. Alinunua santuri mbili za zamani kupitia mtu anayejuana na mtu Nairobi, na jioni majirani walikuja, pamoja na mzee wa saa aliyevaa koti. Siku ya kuondoka aliniuliza kama nataka gramofoni ibaki. Nilifikiria kwa kweli. Nikamwambia aende nayo, ila hewa ya Mombasa ina chumvi, kwa hivyo aifungue mara moja kwa mwaka aangalie grisi, au ailete. "Nitaileta," akasema. Nadhani ndilo jibu nililokuwa nikilitafuta, ingawa sikuwa nimeliuliza vizuri.

Tukaifunga pamoja. Kichwa kwenye soksi ya Susu. Santuri katikati ya kadibodi. Kisha nikaachilia breki, bila santuri, bila sindano, tukakaa kwenye benchi tukiangalia sahani tupu inazunguka. Springi fupi kama ile inachukua dakika nne hivi. Si muda mrefu, lakini bila muziki unausikia. Hatukuongea. Ilipopunguza mwendo tukainama wote wawili, kama watu wanaosikiliza mlango. Ikazunguka nusu, robo, ikasimama. Mjomba akaisukuma kidogo kwa kidole kuhakikisha. Haikurudi.

"Niite Baba sasa," akasema, sijui kwangu au kwa nani, akainua sahani.

Siku hizi wananiletea vitu. Saa za ukutani, gramofoni nyingine mbili, na mwezi jana mama mmoja wa hapa Kitengela alileta kisanduku cha muziki chenye silinda, anachotaka kumtumia binti yake Uingereza. Ndani kuna silinda ya shaba yenye vijino vinavyokwaruza kitana cha chuma, kila jino la kitana noti yake. Hicho ni kikali zaidi. Sharti springi iishe, na tena wimbo uwe umefika mwisho, ili vijino visiwe vimeshika kitana, kwa sababu kikitikiswa katikati ya wimbo meno yanavunjika. Na kidhibiti mwendo kikiachia springi ikiwa imejaa, silinda inakimbia kwa sekunde chache tu na kitana chote kinakwisha.

Yule mama alikuwa na haraka, teksi inamsubiri. Nikamwonyesha kadibodi yangu ukutani. Nikamvutia stuli.

"Keti kidogo," nikamwambia. "Wimbo haujaisha."